Nani Aliwaruhusu?

Mpwa wangu aliitandaza karatasi ya mshahara wake wa kwanza juu ya meza, akaweka kidole katikati. Juu yake mapato ghafi. Chini kabisa, kiasi kilichoingia benki. Kidole kilikuwa kwenye makato. Mwezi mzima alikuwa amepiga hesabu zake kwa namba ya juu, na sasa anaambiwa namba yake ni ya chini.

“Mjomba, hii kodi imekatwa kabla hata sijaiona. Nani aliwaruhusu?”

Nikamjibu upesi, kama wakubwa tunavyojibu: barabara, hospitali, shule, polisi. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza.

“Hayo ni matumizi, Mjomba. Mimi nimeuliza ruhusa.”

Swali hilo limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa. Kijana ana hoja. Mtu akichukua fedha zako bila kukuuliza, akakununulia kitu kizuri kuliko ambacho ungejinunulia mwenyewe, bado hajaeleza alichukua kwa haki gani. Uzuri wa matumizi ni habari moja, haki ya kuchukua ni habari nyingine. Wengi wetu tunalijibu la kwanza, tukaondoka tukiamini tumemaliza na la pili.

Hata huku kukatwa kabla ya kuona si jambo la kale. Marekani iliwaanzishia wafanyakazi utaratibu huo mwaka 1943, Uingereza ikafuata mwaka 1944, wote wakihangaikia gharama za vita. Kati ya watu walioshiriki kuubuni ndani ya Wizara ya Fedha ya Marekani alikuwamo Milton Friedman, yule yule mwanauchumi aliyekuja kusifika kwa kuipiga vita serikali kubwa. Historia ina utani wake. Kwa mtoza kodi huo ni wepesi wa kazi. Kwa mlipaji ni jambo la ajabu kidogo: fedha ambayo hukuishika hukuitoa, na ambaye hakutoa hakupata hata nafasi ya kusita.

## Mkataba usio na saini

Jibu la kwanza utakalokutana nalo kwa wanafalsafa ni ridhaa. John Locke, mwaka 1689, alishikilia kwamba serikali haina haki ya kugusa mali ya mtu bila mwenyewe kuridhia. Kisha akalegeza kamba. Ridhaa yaweza kuwa ya kimya, akasema: ukimiliki ardhi katika nchi, ukilala humo juma moja, hata ukipita tu kwenye barabara yake kuu, umekubali kuzitii sheria zake kwa muda uliomo.

Ni jibu linalovutia. Nilitamani litoshe, maana ningempelekea mpwa wangu siku hiyo hiyo.

Halikutosha. David Hume alilivunja mwaka 1748 kwa mfano mmoja. Mtu amebebwa usingizini, akapandishwa merikebuni. Anaamka, pande zote ni bahari. Je, kwa kuwa hajajitosa majini, tuseme ameridhia utawala wa nahodha? Hume akamtaja na mkulima maskini, au fundi, asiyejua lugha wala mila za nchi nyingine, anayeishi kwa ujira wa siku hadi siku. Huyu tunamwambia kwa uso gani kwamba amekaa kwa hiari yake?

Mfano huo leo umezidi makali. Mtu wa Hume angalau angeweza kurukia bahari isiyo na mwenyewe. Siku hizi ukiitoka nchi moja unaingia nyingine, yenye nahodha wake, kodi zake, na mamlaka ya kukurudisha mpakani. Raia wa Marekani hata akihamia ng'ambo, sheria ya nchi yake inaendelea kumtaka atoe taarifa ya mapato yake.

Na kura? Aliyemchagua mshindi, aliyemchagua aliyeshindwa, na aliyelala nyumbani siku ya uchaguzi, wote watatu wanakatwa. Ukipiga kura unahesabiwa umekubali. Usipopiga unahesabiwa umekubali. Ushahidi unaotoka vilevile kwa aliyekubali na kwa aliyekataa haushuhudii kitu.

Kwa hiyo hakuna aliyeruhusu. Si mimi, si mpwa wangu, si wewe unayesoma.

## Jambazi wa njiani

Ukishaiondoa ridhaa, kinabaki nini?

Kinabaki unyang'anyi, alisema Lysander Spooner, mwanasheria Mmarekani aliyekuwa amepigana na utumwa kwa kalamu miaka mingi. Mwaka 1870 alimlinganisha mtoza kodi na jambazi wa njiani, akaona jambazi ana nafuu. Jambazi akishachukua fedha zako anakwenda zake. Hakwambii kwamba amekuibia kwa faida yako. Hakufuati njia nzima akijiita mlinzi wako, wala hakuamrishi la kufanya kesho.

Nilicheka niliposoma. Kicheko kikaisha nilipojaribu kuitaja tofauti kati ya wale wawili. Wote wana nguvu. Wote hawaulizi. Mtoza kodi anatoa risiti, lakini risiti haijawahi kuhalalisha kitu.

Spooner hakuwa wa kwanza kuukaribia ukingo huo. Augustino, askofu wa Hippo katika karne ya 5, alikwishauliza: haki ikiondolewa, falme ni nini isipokuwa magenge makubwa ya wanyang'anyi? Watu hulinukuu hilo kana kwamba ametukana falme zote. Mimi naona ameweka sharti mbele. Haki ikiondolewa. Maana yake ipo hali ambayo haijaondolewa, na katika hali hiyo mfalme na jambazi si ndugu. Kazi iliyobaki ni kuijua hali hiyo ukiiona.

## Namba ya juu ni ya nani?

Robert Nozick, mwanafalsafa Mmarekani, mwaka 1974, aliileta hoja hii kwa sauti ya chini na yenye kuchoma zaidi. Kutoza kodi mapato ya kazi, kwake, ni sawa na kumfanyisha mtu kazi kwa lazima. Ukikatwa mapato ya saa kadhaa, ni kama umelazimishwa kufanya kazi saa hizo kwa ajili ya shughuli ya mtu mwingine. Hilo linaingia moyoni upesi, hasa mwisho wa mwezi.

Lakini linasimama juu ya kitu kimoja: kwamba namba ya juu kwenye karatasi ya mshahara ni yako yote kabla serikali haijaleta mkono. Wanafalsafa Liam Murphy na Thomas Nagel waliipiga nguzo hiyo mwaka 2002. Namba ya juu imetoka wapi? Mwajiri analipa kwa fedha ambayo thamani yake inalindwa na sheria. Analipa kwa sababu upo mkataba, na mkataba una meno kwa sababu ipo mahakama. Kampuni yenyewe ni kiumbe wa sheria: biashara ikifilisika, wanahisa hupoteza walichowekeza, hawafuatwi majumbani mwao, na ni sheria iliyosema hivyo. Ondoa hayo yote uone mshahara utakuwa kiasi gani, kama utakuwepo. Kusema “hii ilikuwa yangu kabla ya kodi” ni kutaja mapato ya dunia ambayo haijawahi kuwepo, dunia yenye mahakama, sarafu na kampuni bila anayezigharimia.

Hapo nilikaa muda mrefu kuliko pengine popote.

Hoja hii ina nguvu, na nguvu yake inatisha. Ikiwa mali ni zao la sheria, na sheria ni ya dola, basi kipi kinaizuia dola kuchukua yote na kuniachia kile inachopenda? Hata mfumo wa utumwa ulikuwa na sheria zake za mali. Hati zilikuwepo, mahakama zilikuwepo, mihuri ilikuwepo. Mtu akisema mali ni kile tu ambacho sheria inakiita mali, hana tena mdomo wa kusema wale watumwa waliibiwa. Nami nataka kubaki na huo mdomo.

Kwa hiyo siwezi kwenda na Nozick mpaka mwisho, wala na wapinzani wake mpaka mwisho. Sheria iliupa mkataba meno, lakini haikuyaumba mabega yaliyobeba mzigo. Kuna kitu cha mtu kilichotangulia dola: mwili wake, muda wake, jasho lake. Na kuna kitu kilichokuja kwa sababu wengine walikuwepo na walifuata kanuni: wale wasioghushi noti, wasiovunja mikataba, walioutunza usalama wa njia za bidhaa. Namba ya juu imechanganya vyote viwili, na hakuna kisu cha kuvitenganisha sawasawa.

Hiyo inanipa nusu ya jibu. Haikuwa yote ya mpwa wangu. Lakini haikuwa ya serikali pia. Ina wenyewe wengi tusiowajua majina.

## Kodi iliyotaka mikono

Kabla sijafurahia nusu hiyo, historia ilinivuta shati.

Mwaka 1894, koloni la Cape, sehemu ya Afrika Kusini ya leo, chini ya waziri mkuu wake Cecil Rhodes lilipitisha sheria ya wilaya ya Glen Grey. Ndani yake kulikuwa na kodi ya shilingi 10 kwa mwaka kwa wanaume Waafrika wa wilaya ile. Ila kulikuwa na msamaha: asiyetaka kulipa alitakiwa aonyeshe kwamba katika mwaka huo alifanya kazi ya ujira nje ya wilaya kwa miezi 3.

Rudia kuusoma huo msamaha. Kodi inayofutika ukienda kumfanyia kazi mwenye shamba au mwenye mgodi haikuwa na haja na shilingi 10. Ilikuwa na haja na mikono. Pale ambapo msomi wa 1974 alilinganisha kodi na kazi ya lazima, Rhodes hakuwa akilinganisha. Alikuwa anaandika sheria.

Kodi za kichwa na za kibanda zilisambaa katika makoloni mengi ya bara hili kwa mantiki ya namna hiyo. Watu waliokuwa wakiishi kwa mashamba na mifugo yao walidaiwa sarafu, na sarafu ilipatikana kwa mzungu. Sierra Leone waliinuka mwaka 1898. Natal, kusini mwa bara, kodi ya kichwa ya pauni 1 ilipoanza kudaiwa mwaka 1906, chifu Bambatha na wenzake wakashika silaha, na maelfu ya Waafrika wakauawa.

Sasa kinachonichoma ni hiki: reli zilijengwa. Barabara zilichongwa. Zahanati zilifunguliwa, mahakama zikakaa. Kama barabara na hospitali ndizo zinazohalalisha kodi, basi gavana wa koloni alikuwa na jibu lile lile nililompa mpwa wangu. Angelisoma kwa sauti nzuri zaidi yangu.

Huduma peke yake haihalalishi. Hilo sina shaka nalo tena. Wale walikosa nini, basi? Hawakukosa huduma tu. Walikosa pa kuuliza. Gavana hakuwa na wajibu wowote kwao. Hesabu yake aliipeleka kwa waliomtuma, ng'ambo ya bahari. Na fedha ile, hata ilipojenga, ilijenga kwa ajili ya mpango ambao wao walikuwa vyombo vyake.

## Usiku mmoja gerezani

Nikamrudia mwandishi Mmarekani Henry David Thoreau, ambaye kila mtu anajua kwamba alikataa kulipa kodi. Julai 1846, mjini Concord, Massachusetts, alikamatwa kwa kodi ya kichwa aliyokuwa hajailipa kwa miaka kadhaa. Alilala gerezani usiku mmoja. Mtu mwingine akaenda kumlipia, na asubuhi wakamtoa, jambo ambalo halikumpendeza. Alikuwa anaipinga serikali iliyolinda utumwa na iliyokuwa vitani na Meksiko.

Haya yamesimuliwa mpaka yamechakaa. Lakini katika maelezo yake kuna jambo dogo linalorukwa na wengi: kodi ya barabara hakuikataa hata mara moja. Sababu yake ilikuwa kwamba alitaka kuwa jirani mwema kwa kiasi kile kile alichotaka kuwa mtawaliwa mbaya.

Hapo mambo yalinigeukia.

Thoreau alikuwa amezitenganisha pochi mbili. Moja ina deni kwa majirani. Hiyo anailipa bila ubishi. Nyingine inadaiwa na mtawala kwa kuwa ni mtawala, hiyo anaifunga. Wengi wetu tumezishona pamoja. Tunajiuliza kama tunaidai serikali au inatudai, kana kwamba serikali ni mtu wa tatu aliyekaa kule juu na daftari lake. Mimi sasa nadhani deni la kodi, pale lilipo, ni letu sisi kwa sisi. Nakudai na unanidai. Serikali si mdai, ni mkusanyaji.

Na mkusanyaji wa mchango akiutafuna, aliyechangiwa anabaki anadai vilevile. Kinachokufa ni haki ya yule mkusanyaji kubisha hodi tena.

Ukilitazama hivyo, maneno mengi ya vikao vya wakubwa yanabadilika ladha. Waziri anaposema serikali “imewapa” wananchi maji, amewapa nini? Amefikisha. Mtu anapokwepa kodi akijisifu kwamba ameikomoa serikali, amemkomoa nani? Fedha ambayo haikufika haikumpungukia waziri.

## Si nipeleke mwenyewe?

Pingamizi linakuja lenyewe. Ikiwa nadaiwa na majirani, si nikawalipe kwa mkono wangu? Nitachagua shule ninayoiona inafanya kazi, mgonjwa ninayemwona ana shida, niachane na mkusanyaji kabisa. Wako watu wema wanaofanya hivyo juu ya kodi wanayokatwa.

Jibu rahisi ni kwamba wengi hawatafanya. Ni kweli, lakini ni jibu la kivivu. Tuchukulie kwamba wote tutafanya, sote ni waungwana. Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant, mwaka 1797, aliona tatizo linabaki pale pale hata watu wakiwa wema: kila mmoja atatenda lile analoliona yeye kuwa haki, na hakuna ambaye jicho lake lina haki ya kuwafunga wengine. Haihitaji watu waovu ili wagombane. Inatosha wawe wengi.

Nililifikiria hilo kwa kumtazama hakimu. Mimi na jirani yangu tunabishania mpaka wa kiwanja. Ninadai auheshimu. Nikishadai hivyo, nimekubali kwamba kuna ukweli juu ya huo mpaka ambao si matakwa yangu tu, na kwamba anastahili kusikilizwa na mtu asiye upande wangu. Siwezi kumdai haki kisha nikakataa kuwepo kwa wa kutuamua. Sasa huyo hakimu anakula wapi? Nikimlipa mimi, kwa hiari yangu na kwa kiasi ninachopenda, jirani yangu ameshashindwa kabla ya kesi kutajwa. Tukimlipa sote wawili kwa hiari, atamsikiliza zaidi mwenye kutoa zaidi. Hakimu pekee ambaye naweza kumwambia jirani yangu amkubali ni yule ambaye malipo yake hayatoki kwenye ukarimu wangu wala wake. Yanatoka mahali ambapo hakuna kati yetu anayeweza kufunga bomba akikasirika.

Yaani yanatoka kwenye mchango wa lazima.

Hapa ulazima, ule ule uliomkera Spooner, unakuwa sehemu ya haki yenyewe. Hakimu wa michango ya hiari ni hakimu wa matajiri. Vivyo hivyo polisi. Vivyo hivyo, kwa kiasi fulani, mtu anayepanga nani atibiwe kwanza.

Najua hoja hii haifiki kila mahali. Inafika mahakamani bila kuhema, inafika kwa polisi, inakokota miguu kuelekea shuleni, na sijui mtu atakayeifikisha kwenye msafara wa magari ya mkubwa. Nozick ana swali zuri hapa: majirani wakiweka vipaza sauti mtaani vinavyokuburudisha, kisha wakasema leo ni zamu yako kuacha shughuli zako uviendeshe, umefungwa na nini? Hukuviomba. Kunufaika tu hakumfungi mtu, nakubaliana naye. Ila haki zangu si burudani ya kipaza sauti. Hizo nazidai kila siku kwa watu wengine, kwa sauti yangu mwenyewe.

## Kibali chenye tarehe ya mwisho

Basi mkusanyaji anahitajika. Bado hatujamjua mkusanyaji halali kwa sura yake.

Waingereza walikuwa na silika nzuri hapa, angalau zamani. Kodi ya mapato ilianza kwao mwaka 1799 kugharimia vita na Ufaransa. Ikafutwa 1802, ikarudi 1803 vita viliporudi. Mwaka 1816, Napoleon akiwa ameshashindwa, Bunge liliifuta kwa shangwe na kuagiza kumbukumbu zake ziharibiwe, zisibaki za kurahisisha kazi ya atakayetaka kuirudisha. (Nakala zilibaki serikalini. Ungetarajia nini?) Ilirudi mwaka 1842 kwa maelezo kwamba ni ya muda, na haijaondoka tena. Hata hivyo mpaka leo kisheria ni kodi ya mwaka mmoja mmoja: Bunge lisipoipitisha upya, inakoma.

Uswisi wamekwenda mbali zaidi. Katiba yao inaipa serikali ya shirikisho mamlaka ya kutoza kodi ya moja kwa moja na kodi ya ongezeko la thamani kwa muda maalumu tu. Machi 2018 wananchi waliulizwa kama muda huo uongezwe. Zaidi ya asilimia 80 ya waliopiga kura walisema ndiyo, na kibali kikasogezwa hadi mwisho wa 2035.

Mswisi aliyesema hapana analipa kama aliyesema ndiyo. Kwa hiyo hii si ile ridhaa ya Locke iliyofufuka, na sitaki kuipaka rangi. Ila imefanya kitu ambacho mkataba wa kimya hauwezi: imemlazimisha mkusanyaji kurudi mlangoni, avue kofia, aeleze alichofanya, huku akijua anaweza kunyimwa. Yule wa hapana alishindwa na wenzake waliohesabiwa kichwa kwa kichwa kama yeye. Hakuamriwa na mtu mwenye damu bora. Kushindwa kwa namna hiyo naweza kumtazama mtu usoni nikamwambia avumilie. Kwa yule wa Glen Grey sina uso huo.

Na mwenye haki ya kuuliza si huyu mwenye karatasi ya mshahara peke yake. Kodi ya ongezeko la thamani, iliyoanzia Ufaransa mwaka 1954 na sasa imeenea karibu dunia nzima, imo ndani ya bei. Mtoto akitumwa dukani ameshakuwa mlipakodi. Inanichosha kusikia watu wakigawanywa kati ya “walipakodi” na wengine, kana kwamba hao wengine wananunua sabuni kwa maombi.

## Deni la 1835

Mpaka hapa ningeweza kufunga karatasi. Mkusanyaji halali ni yule anayekusanya deni letu la sisi kwa sisi, anayeweza kuulizwa, na anayeweza kuondolewa. Ningempa mpwa wangu jibu hilo, akaridhika au asiridhike.

Tatizo ni madeni yenyewe.

Haiti ilijikomboa kutoka kwa Ufaransa mwaka 1804, kwa vita vya watumwa. Mwaka 1825 mfalme Charles wa Kumi alituma manowari, akataka faranga milioni 150 za kuwafidia waliopoteza mali. Watu wenyewe walikuwa sehemu ya mali hiyo. Mwaka 1838 dai lilipunguzwa hadi jumla ya milioni 90. Haiti ilikopa ili iweze kulipa, kisha ikalipa mikopo, na fedha nyingi zilitoka kwenye ushuru wa kahawa, maana yake kwenye migongo ya wakulima wadogo. Mabaki ya mikopo iliyotokana na dai lile yalimalizika mwaka 1947. Wajukuu walinunua uhuru ambao babu zao walishaupigania na kuupata.

Utasema, pale mtutu wa bunduki uliandika mkataba. Ni Spooner mtupu, hakuna la kujadili. Nakubali. Basi tuje Uingereza, isiyokuwa na manowari ya mtu bandarini. Ilipokomesha utumwa katika makoloni yake kwa sheria ya 1833, ilitenga pauni milioni 20 kuwafidia wenye watumwa. Watumwa hawakupewa kitu. Sehemu kubwa ya fedha hiyo ilikopwa mwaka 1835, mkopo ukaviringishwa ndani ya madeni mengine ya serikali kizazi hadi kizazi, na hazina yao wenyewe ilieleza kwamba ulimalizika kulipwa mwaka 2015.

Kwa hiyo mzao wa watumwa wa Jamaika, aliyezaliwa London na kufanya kazi London, alikatwa kwenye mshahara wake, hata kama ni sehemu ndogo mno isiyohesabika, kulipia hasara ya waliommiliki bibi wa bibi yake. Na hapo hakuna sharti langu hata moja lililovunjwa. Bunge lilikaa kila mwaka. Kodi ilipitishwa upya kila mwaka. Hesabu zilikaguliwa, serikali zikaondolewa kwa kura, nyingine zikaingia. Mkusanyaji alivua kofia mlangoni kwa utaratibu wote.

Kinachokosekana ni sharti juu ya deni, siyo juu ya mkusanyaji. Nimejaribu kuliandika: kwamba walio hai wasitozwe kwa deni ambalo wao ndio walidhulumiwa ndani yake. Linamwokoa yule mzao wa watumwa. Lakini kodi haikatwi kwa kuangalia nasaba ya mtu, na jirani yake wa mlango wa pili, asiyetokana na mtumwa wala mwenye mtumwa, naye alilipa. Nikisema huyo pia asidaiwe kwa kuwa hakuwepo mwaka 1835, nimefuta papo hapo kila mkopo uliojenga bwawa au shule kabla sijazaliwa, na maji ya bwawa hilo ninayanywa.